Mwalimu wa Kwaya Aliyesikiliza Shanga

Siku ile ya kikombe tulikuwa watu wanne kibarazani kwangu, na nawataja wote ili asije mwingine akasema naye alikuwepo. Nilikuwepo mimi, Mama Anaeli, mwenye shamba. Alikuwepo shemeji yangu Elirehema, mdogo wa marehemu mume wangu, aliyekuja kuazima ngazi akakaa mpaka chai ikaiva. Alikuwepo Mama Neema, jirani wa ng'ambo ya mfereji, ambaye tulipata kipaimara pamoja na tukaolewa mwaka mmoja. Yeye anaimba sauti ya pili. Wa nne alikuwa Mwalimu wa Kwaya, na ndiye ninayetaka kumwandika. Mbwa wangu Simba alikuwepo pia, ila yeye hakwenda kumwambia mtu alichosikia. Ni yeye peke yake.

Mambo ya Mwalimu alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi nayaacha. Kwetu kila mtu anayajua, na wewe usiyetoka kwetu hayatakusaidia. Kilichotakiwa kujulikana kumhusu ni masikio. Alikuwa na masikio makubwa, yametoka nje kama vipini vya sufuria, na aliyatunza kuliko watu wengine wanavyotunza meno. Upepo wa asubuhi ukishuka kutoka mlimani aliyafunika kwa kofia ya sufi, hata kama miguuni amevaa kandambili.

Shule hakuwahi kufundisha. Alikuwa na kahawa yake na mbuzi wake, na jioni za Jumatano na Ijumaa alikuwa na sisi, kwaya ya usharika. Alikuwa akisimama mbele anatusikiliza wote kwa pamoja, halafu ananyoosha kidole moja kwa moja kwa mtu aliyekosea, hata kama amejificha nyuma ya Mama Neema, ambaye nyuma yake panajificha watu wawili. "Wewe. Umeshuka. Panda." Ukibisha kwamba hukushuka, anasema, "Mimi sijawahi kukosea nota," na kweli hatukuwahi kumsikia akirudisha neno lake. Mchungaji mmoja alimwambia kwamba unyenyekevu ni tunda la Roho. Akajibu, "Nakubali, Mchungaji, lakini nota ya so ni so."

Mtu huyu wa kusikiliza angani alitembea anatazama chini. Alikuwa anatafuta shanga.

Hapa kwetu, masika ikishaosha njia, shanga zinatoka ardhini. Wewe unapita na ndoo yako unaona kitu kidogo kinameremeta kwenye tope, cha bluu au chekundu. Misafara ya zamani ya pembe za ndovu ilipita chini ya mlima huu, na shanga ndiyo ilikuwa hela yao ya njiani. Halafu bibi zetu nao walizishona kwenye ngozi walizovaa, uzi ukikatika zikamwagika. Watu wengi hawaziokoti. Wanasema huwezi kujua, labda kuna mtu aliyeutupa ugonjwa wake pale na ushanga juu yake. Mwalimu aliziokota zote. Ukimwonya anasema, "Kama ni ugonjwa, umeshanyeshewa miaka mia, umechoka kuliko mimi."

Kuzitambua alikuwa na utaratibu wake, na haukuwa wa kuharakishwa. Kwanza anapangusa ushanga kwa koti. Halafu anauweka ulimini, macho yamefumba. Kioo kinakaa baridi, plastiki inapata joto la mdomo mapema. Halafu anaugonga kwenye jino la mbele, ko, ko. Halafu anainua tundu lake juani na kuchungulia kwa jicho moja. Mwisho, na hapo ndipo penyewe, anatoa mfukoni kikombe chake cha bati, cheupe chenye ukingo wa bluu, anasema, "Nyamazeni nisikie," na anaudondosha ndani.

Ukinyamaza wewe haitoshi. Jogoo anyamaze, bodaboda barabarani apite kwanza. Niliwahi kumwona anamngoja ng'ombe wa Mama Neema amalize kulia. Ushanga ukidondoka, tin, yeye anainamisha kichwa kama anayeongea na simu, kisha anatoa hukumu. Eti kioo cha zamani kina sauti ya chini, kimetulia, na kioo cha siku hizi kinapiga kelele kama sauti ya kwanza siku ya Pasaka. Mimi nilidondosha shanga zile kikombeni mara nyingi, nikasikia tin, na tin, na tin.

Usidhani utaratibu huo haukumletea shida. Kulikuwa na msiba wa mzee Ndewirwa, mwuza maziwa, na tulipokuwa tunapandisha kwenda makaburini Mwalimu akaona ushanga kwenye ukingo wa mfereji. Akaupangusa, akautia mdomoni. Palepale Mchungaji akageuka akasema, "Mwalimu, tuanzishie." Naye mtu wa kuanzisha haanzishi kwa mdomo uliofumba. Akavuta pumzi. Tuliona macho yanamtoka. Wimbo aliuanzisha, tena kwa nota sahihi, akapiga beti zote huku mkono mmoja ameushika kooni, na wafiwa wakasema tazama jinsi alivyompenda marehemu. Ushanga ule alikuja kutuonyesha baadaye: wa bluu iliyoiva, wenye pembepembe, ameuosha unang'aa. Hakusema uliporudi ulirudije na sisi hatukuuliza. Ila kikombe alinunua kipya.

Na nisimsahau Nderetwa, binti aliyerudi kutoka Tanga na kujiunga na sauti ya kwanza. Tuko katikati ya mazoezi, Mwalimu akapiga makofi tukanyamaza. Akainamisha kichwa. "Kuna mtu wa sauti ya kwanza," akasema, "amevaa shanga za plastiki."

Wanawake wote tukatazamana mikononi na shingoni, hakuna kitu. Ndipo kila mtu akaelewa shanga hizo zimevaliwa wapi. Wanaume wa sauti ya nne wakaanza kukohoa. Nderetwa akasema, bila hata kuinama, "Za kioo, Mwalimu."

"Plastiki."

"Nimeuziwa kioo."

"Umeibiwa, binti yangu. Tuendelee ubeti wa pili."

Mwenyewe hakuona alichofanya kibaya. Kwake ushanga ni ushanga, popote ulipo. Nyumbani mkewe, Mama Elibariki, alilalamika kwamba mume anayesikia plastiki chini ya kanga na gauni hasikii akiitwa kupasua kuni.

Mjini kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye Mwalimu alimwogopa kwa mambo ya shanga, mama mmoja Mhindi mwenye duka la vitambaa na vifungo karibu na soko. Sisi tulimwita Mama wa Dukani. Duka lilikuwa la baba mkwe wake, na kabla yake la baba wa huyo, na wote waliuza shanga kwa mafungu tangu enzi za zamani. Yeye hakusikiliza kitu. Alivaa miwani, akautazama ushanga ukingoni mwa tundu.

"Ona mistari inazunguka tundu kama uzi kwenye kibiringo," alituambia siku moja nilipomsindikiza Mwalimu. "Huu wa zamani. Fundi alizungusha kioo cha moto kwenye waya, mmoja mmoja. Huu mwingine una mshono pembeni kama chupa ya soda. Umetoka kwenye kalibu. Wa juzi."

"Lakini sauti yake, mama..."

"Mwalimu, mimi siuzi kengele."

Basi siku hiyo Mwalimu akatoa kilichomleta, ushanga mwekundu aliouokota mlangoni kwake mwenyewe baada ya mvua. Akaeleza kwa heshima kwamba ameusikiliza mara nyingi, na ni wa misafara, tena wa misafara ya kwanza kabisa. Mama wa Dukani akauangalia, akavua miwani, akamwangalia Mwalimu.

"Huu nilimuuzia mkeo mwaka jana. Wa pazia la mlango."

Mimi niligeuka nikaanza kuangalia vifungo. Nilipogeuka tena Mwalimu alikuwa ameshaurudisha ushanga mfukoni. "Basi," akasema, "hilo pazia ni la zamani."

Habari ya pazia ilifika kijijini kabla yetu, sijui kwa njia gani, maana tulikuwa wawili tu na mimi nilimwambia Mama Neema peke yake. Watu walicheka msimu mzima. Lakini walicheka kwa upendo. Ushanga mwingine ukiokotwa walimpelekea yeye yeye, na kwaya ilimtii vilevile.

Sasa narudi kibarazani. Nilikuwa napalilia chini ya migomba, upande wa juu, pale mfereji ulipobomoka, jembe likatoa shanga. Hazikuwa moja wala mbili, ni kiganja kizima, bluu na nyekundu zenye tumbo jeupe. Nikamwita Mwalimu. Akafanya utaratibu wake wote, na alipofika kwenye kikombe alizidondosha moja moja, na uso wake ulibadilika. Sikuwahi kumwona vile hata Krismasi.

"Mama Anaeli," akasema, "hizi ni za kweli. Zimelala hapa tangu wakati wa Mjerumani, au kabla."

Angesema "kabla" peke yake, ningekuwa sina cha kuandika leo. Lakini alisema Mjerumani, na shemeji Elirehema alikuwa na chai mkononi, na wewe unajua jinsi watu wetu walivyo na Mjerumani. Ukitaja Mjerumani mtu hafikirii Mjerumani, anafikiria sanduku. Eti walipokimbia vita walizika dhahabu na rupia kila mahali, na juu yake wakaacha alama. Shemeji aliweka kikombe chini polepole.

"Alama," akasema.

"Alama gani?" nikamwuliza.

"Nasema tu."

Ngazi aliisahau pale pale.

Jumatatu alikuja na vijana wawili wa Kimandolu wenye mashine ya kunusa madini, ile kama fimbo yenye sahani chini. Ikalia. Wakachimba, wakatoa mfuniko wa sufuria yangu uliopotea Anaeli akiwa mtoto. Mtu mwenye akili angeondoka hapo. Wao walisema Mjerumani ni mjanja, ameweka vyuma vya kudanganya juu. Kufikia Alhamisi walikuwa watu wengi nisiowajua, wengine wametoka Moshono na mikate yao, na migomba yangu minne imelala chini na mikungu yake mibichi. Migomba ile ndiyo ninayokula na ndiyo ninayouza. Na shimo lilikuwa linakwenda upande wa kaburi la mume wangu.

"Elirehema," nikamwambia, "hilo ni kaburi la kaka yako."

"Hatutaligusa shemeji, tutapita chini yake."

"Chini ya kaka yako kuna nini?"

"Mjerumani alizika karibu na watu ili pasishukiwe."

"Baba Anaeli amekufa juzi! Mjerumani alimkuta wapi?"

Akajikuna. "Ndiyo maana nasema ni wajanja."

Mwenyekiti wa kitongoji nilimwita, akaja, akaliangalia shimo kwa makini, na kesho yake akarudi na jembe. Anaeli yuko Dodoma, kwenye simu ananiambia mama vumilia, halafu anauliza wamefika kina gani. Ndipo nikajifunga kanga nikaenda kwa Mwalimu.

Nilimkuta anaanika kahawa. Sikukaa. "Mwalimu, umeniletea majembe. Yaondoe."

"Niliwaambia hakuna dhahabu. Hawanisikii."

"Wanakusikia kwenye shanga. Waambie si za zamani."

Akaacha kahawa. "Lakini ni za zamani."

"Waambie ni plastiki."

Nasema kweli, angefurahi zaidi kama ningemwambia aimbe uchi madhabahuni. Alikaa kwenye gogo. Akayashika masikio yake yote mawili.

"Niseme ni kioo, ila ni cha miaka ya Uhuru?"

"Watasema Mzungu aliyekuwa anaondoka naye alizika."

"Niseme cha miaka ya vijiji vya ujamaa?"

"Watasema ni mali ya ushirika. Mwalimu, plastiki. Baba Anaeli wamebakiza hatua chache kumfikia."

Mkewe, Mama Elibariki, alikuwa mlangoni, amesimama katikati ya pazia lile la shanga, nusu ndani nusu nje. Akasema, "Wewe mume wangu, unabishana na mjane kuhusu kaburi?" Akaingia ndani, pazia likalia nyuma yake, na nikamwona Mwalimu ameinamisha kichwa analisikiliza.

Jumapili, baada ya matangazo, akaomba nafasi. Kanisa lilijaa, maana hata wachimbaji walikuja kuombea kazi yao. Akasimama mbele na kikombe cha bati na shanga zangu. "Ndugu zangu," akasema, "zile shanga za kwa Mama Anaeli nimezisikiliza upya. Ni plastiki." Na kwa mazoea yake, mkono wenyewe tu, akazidondosha kikombeni.

Tin. Tin, tin, tin. Kanisa letu lina dari ya mbao na sauti ilipanda mpaka juu ikarudi. Kioo kilicho wazi kabisa, hata mimi nilikisikia.

Elirehema akasimama. "Mwalimu, mbona zinalia?"

Nikafumba macho.

"Kinacholia," akasema Mwalimu, "ni kikombe."

Watu wakaguna. Hawakuamini, nilijua kabisa hawaamini, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha miaka yote kusikia. Akakitazama kikombe chake. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Zimetoka kwenye pazia langu. Mke wangu alifagia, na ule mfereji unatoka kwangu unakwenda kwa Mama Anaeli. Nilidanganyika tena. Nilikosea."

Alianza mama mmoja wa kule nyuma, halafu benchi zima, halafu kanisa lote. Walicheka mpaka Mchungaji akageukia ukuta. Pazia! Pazia tena! Elirehema alicheka mwisho, na kidogo, lakini alicheka. Mama Elibariki alikaa wima, hakucheka wala hakusema kwamba mfereji haupiti kwao kabisa, unapita kwa Mama Neema. Naye Mama Neema, ambaye hajawahi kufunga mdomo wake tangu kipaimara, siku ile aliufunga, na mpaka leo namheshimu kwa hilo.

Jumatatu shimo lilikuwa halina mtu. Elirehema alilifukia mwenyewe.

Mimi nilibaki na migomba yangu na kaburi langu. Mwalimu alibaki na nini? Kwenye mazoezi akimwambia kijana "umeshuka," kijana anajibu, "Umesikia vizuri, Mwalimu, au ni plastiki?" na wenzake wanapasuka. Hapo nyuma kucheka hakukuwahi kumzuia mtu kupanda aliposhuka. Sasa walicheka na kubaki hukohuko chini. Hakukaa muda, kwaya akapewa kijana mwenye kinanda cha umeme, ambacho hakisemi mtu ameshuka, kinapiga kwa nguvu tu juu ya makosa. Mwalimu akawa anakaa benchi la katikati kama sisi wote, na nota ikianguka niliona bega lake linaruka. Kwangu hakuwahi kuja kunidai kwa jambo lile.

Mwezi uliopita nilimtembelea. Anakaa kwenye kiti cha plastiki uani, mjukuu amemvalisha kofia ya sufi. "Shikamoo Mwalimu," nikasema. Kimya. Nikasogea. "Shikamoo!"

"Marahaba, nani huyo? Sema kwa sauti, siku hizi mnanong'ona wote."

Masikio yalikuwa pale pale, makubwa vilevile, ila yamefunga duka. Nikaketi, nikavuta kiti mpaka magoti yakagusana. Nilikuwa nimeamua. Nilitaka aniruhusu kusema ukweli, kwamba zile shanga zilikuwa za kweli na hakukosea.

"Mwalimu, zile shanga!"

"Zipi?"

"Zilizokuwa kwangu! Zilikuwa za zam—"

"Shhh!" Akanishika mkono. "Nong'ona, majirani!"

"Nikinong'ona husikii!"

"Basi usiseme!"

Kijana aliyekuwa anapita njiani na pikipiki akapunguza mwendo. Tukamtazama wote wawili mpaka akaenda. Nikachukua kijiti, nikataka kuandika chini, lakini miwani yake ilikuwa ndani na mwandiko wangu hausomeki. Basi nikasogeza mdomo kabisa kwenye sikio lake, nikasema pole pole kwamba nataka kuandika habari yake, watu wajue.

Akauliza, "Mvua za juzi zimetoa nyingine?"

Nikatingisha kichwa kwamba ndiyo. Nyekundu, nyingi.

"Fukia," akasema. Halafu tabasamu likaanza upande mmoja. "Andika. Lakini jina langu usitie. Wakijua jina watajua kijiji, wakijua kijiji watajua shamba, na Elirehema bado ana nguvu za kushika jembe."

"Na Elirehema mwenyewe nimtaje?" nikamwuliza sikioni.

"Mtaje. Akina Elirehema wamejaa mlima mzima. Akina Mama Neema ndio usiseme." Akajiweka sawa kitini, akavuta kofia chini. "Jina kama langu liko moja."

Basi hapo ndipo nilipofika. Wewe unayesoma, kama ulikuwepo kanisani siku ile na nimesema Jumapili kumbe ilikuwa ibada ya Alhamisi, au nimesema kikombe kina ukingo wa bluu kumbe ni wa kijani, nisahihishe, sitakasirika, mimi ni bibi na darasa langu ni la nne. Mfereji nao kama unapita kwingine, niambie. Ila ukija kunisahihisha kwa jina lake, njoo unong'oneze.